Maji yamerudi mtoni, sasa tule nini? Mwongozo kamili wa kuinua nyumba ya ushago ukiwa Nairobi

Wasee, naandika nikiwa hapa Umoja na najua wengi wenu ni kama mimi, mwili uko Nairobi lakini simu ya ushago ikiingia saa tisa usiku moyo unaruka kabla hata uione namba. Kwetu ni Nyando, huko Kisumu, ule upande wa chini kabisa, mvua ikipiga kule juu Nandi na Kericho sisi tunajua tu maji yanakuja hata kama kwetu hakujanyesha tone. Ile mvua ya Machi mpaka Mei 2024 iliua karibu watu 300 Kenya nzima, usiku wa kuamkia Aprili 29 maji yakabeba watu Mai Mahiu wakiwa wamelala, na hapa hapa Nairobi watu wa Mathare na Mukuru wakatoka kwa nyumba na nguo za mwilini. Kwetu hatukuzika mtu, tunashukuru, lakini shamba lilienda, kuku wakaenda, na gunia mbili za mahindi zikalowa zikaanza kunuka kama busaa.

Mimi nikaingia na kiherehere cha mtu wa tauni. Nikanunua vifaranga 50 hapa mjini, wale wa kienyeji wa kisasa, nikawapandisha basi pale Machakos Country Bus, nikampigia mathe nikamwambia sasa umepata biashara. Kufikia wiki ya tatu walikuwa wamebaki 4. Sitalaumu aliyeniuzia, kosa lilikuwa langu, nitalieleza huko mbele. Nilichojifunza ni kwamba nyumba ya ushago haikosi kazi za kufanya baada ya mafuriko ama ukame, shida inakuja pale haraka ya siku za kwanza inakula vile vitu ambavyo vingewainua baadaye, na hiyo haraka mara nyingi inatoka kwetu sisi wenye tunatuma pesa. Kwa hivyo hizi hatua nimezipanga venye ningetaka mtu anipangie wakati ule.

Hatua ya 1: Siku za kwanza ni watu, maji na makaratasi

Hapa usiwaze biashara. Maji ya kunywa yachemshwe ama yatiwe dawa ya klorini, kwa sababu vyoo vikifurika visima vyote vya chini ni vya kushuku, na mtu akianza kuendesha hakuna shamba litalimwa. Chakula kikavu, turubai, neti. Namba ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199, iweke kwa simu ya kila mtu nyumbani.

Halafu makaratasi. Kitambulisho kikienda na maji, mtu aende polisi apate abstrakti kisha aanze kutafuta kingine mapema, kwa sababu bila kitambulisho huwezi kurudisha laini ya simu, bila laini hakuna M-Pesa, bila M-Pesa hata hiyo pesa unatuma unamtumia nani? Jirani? Hati ya shamba ikipotea safari ni ndefu kiasi, lazima itangazwe kwa gazeti rasmi la serikali na isubiriwe siku 60, so anzeni mapema. Na kila mtu ajiandikishe kwa chifu ama mzee wa kijiji wakati orodha inaandikwa, hata kama mnajiona mko afadhali. Orodha ikifungwa imefungwa.

Hatua ya 2: Piga simu ya kuuliza, acha ya kuamuru

Hii ndiyo hatua watu wanaruka, na mimi niliiruka. Kabla utume kitu chochote zaidi ya chakula, kaa na daftari, piga simu jioni wakati mathe amemaliza kazi na hana wageni, muulize polepole. Nani yuko nyumbani mwenye nguvu ya kushika jembe, maana unaweza tuma mbegu za ekari mbili na pale kuna shosho mmoja na watoto wa darasa la pili. Shamba limebaki namna gani, wapi maji bado yamesimama, wapi yameleta matope, wapi yameleta mchanga, kwa sababu matope mara nyingi ni rutuba lakini mchanga mzito unaweza kuua hiyo sehemu misimu kadhaa. Wanyama gani wamebaki na wako na hali gani. Jembe, panga, sufuria kubwa, baiskeli, ni nini iko. Na mwisho ile watu wanaona aibu kusema: mnadaiwa na nani, na nani mnamdai.

Hili la mwisho liulize kwa heshima. Mathe wangu alinificha deni la duka miezi miwili, kila nikituma pesa ya mbegu inaenda kwa mwenye duka, mimi nikidhani tunapanda. Si kwamba alikuwa anadanganya, pale kijijini huyo mwenye duka ndiye benki, ukimkosea leo kesho hupati unga. Ningejua ningemlipa mwenye duka kwanza kisha mbegu baadaye.

Kitu kingine, mwambie akueleze mwenyewe anataka kufanya nini. Utashangaa. Wazee wamepitia mafuriko mingi kuliko wewe na wanajua kona gani ya shamba hukauka kwanza.

Hatua ya 3: Wekeni ua kwa vitu visivyouzwa

Kaeni kama familia, hata kama ni kwa grupu la wasap, mkubaliane vitu ambavyo haviuzwi hata njaa ikiuma, mpaka kwanza mpigiane simu. Kwetu ilikuwa ng'ombe jike mmoja, jembe la ng'ombe, na shamba lenyewe. Baada ya janga wanunuzi wa bei ya kutupa huingia kijijini haraka sana, mtu anakuja na pesa mkononi anakuambia hii ng'ombe yako itakufa tu, niuzie sasa. Mbuzi dume auzwe, huyo hana shida, kuku jogoo wa ziada auzwe. Lakini ukiuza jike umeuza na ndama wa mwaka ujao. Kukodisha shamba pia kuna mtego, watu wanakodisha misimu minne kwa pesa ya msimu mmoja kwa sababu wana shida ya leo. Kama lazima mkodishe, iwe msimu mmoja, iandikwe na mashahidi wawepo.

Kuhusu mikopo ya simu nitasema kifupi. Fuliza ya kununua unga ukijua mshahara unaingia Ijumaa, sawa. Mkopo wa siku 30 wa kununua mbegu ya kukomaa siku 90, hiyo hesabu haijawahi kukubali hata siku moja. Chama cha akina mama pale kijijini kina riba pia, lakini wale wanakujua, maji yakikupiga yamewapiga wote na mnaongea.

Hatua ya 4: Tafuteni hela na mboga ya siku 60

Hapa ndipo roho ya mambo iko, so nitakaa kidogo.

Baada ya mafuriko udongo unabaki na unyevu mwingi na hiyo ni mali, ukichelewa inakauka bure. Lakini pia usiingie na jembe kesho yake, hasa udongo mweusi wa kwetu wa mfinyanzi, ukiulima ukiwa chapachapa unakuwa tofali, utajuta msimu mzima. Kipimo ni rahisi: chukua udongo wa kina cha kiganja, ukamue kwa mkono uwe donge, halafu lisukume na kidole gumba. Likimeguka, ingia. Likibonyea kama unga wa chapati, subiri siku nyingine tatu nne.

Anza na vitu vya haraka. Terere na kunde ya majani unachuma ndani ya wiki tatu nne hivi. Sukuma inachelewa kidogo kwa sababu ya kitalu, ila ikianza haiachi. Ndengu ni siku 60 mpaka 75 na haihitaji mvua nyingi, unyevu uliobaki ardhini unaisukuma mbali. Viazi vitamu, hizi za rangi ya machungwa, zinachukua miezi mitatu unusu mpaka mitano, lakini majani yanakuja kabla, ya kula na ya kulisha mbuzi, na mbegu ni ile miche tu ya kuomba kwa jirani wa juu ambaye maji hayakumfika. Mahindi najua kila mtu anayataka, mkenya bila ugali ni mgonjwa, lakini yaje ya pili, na kama msimu umeshakatika nusu tafuta za muda mfupi kama Katumani, usibebe ile mbegu ya miezi sita ya watu wa Kitale.

Mbegu kwanza pima. Chukua 100 kutoka kwa zile mlizo nazo, zifunge kwa kitambaa kibichi, kiwe kinanyunyiziwa maji kila siku, hesabu baada ya siku 5 mpaka 7. Zikiota 80 na zaidi panda kwa amani, zikiota 60 panda ukizidisha, chini ya hapo mle ama mpe kuku kama ni safi. Na hiyo neno safi naomba uishike. Mahindi yaliyolowa yakaota ukungu yana sumukuvu, haitoki kwa kuchemsha, haitoki kwa kusaga, na ukimpa ng'ombe inapita mpaka kwa maziwa. Zile gunia zetu mbili mathe alitaka kuzianika azisage, tulibishana siku tatu kwa simu mpaka nikaita baba mdogo aingilie. Zikatupwa. Iliuma, usidhani ni rahisi kumwambia mtu mwenye njaa atupe mahindi.

Yale ambayo hayakulowa yakaushwe vizuri kabla ya kurudi kwa gunia. Kama hamna mashine ya kupima, chukua chupa ya glasi iliyokauka na kifuniko, weka mahindi kiganja kimoja na chumvi kavu vijiko viwili vitatu, tingisha dakika kadhaa, acha itulie dakika 15. Chumvi ikishika kwa ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Ikianguka chini yote, hifadhi. Hii haina gharama na shosho yeyote anaiweza.

Shamba likiwa bado ni ziwa, kuna vya pembeni. Kwetu maji yakija huleta kamongo mpaka kwa mitaro, vijana wanavua wanauza hapo hapo. Kuna mafunjo, wamama wanasuka mikeka na vikapu, kazi ya mikono ambayo haingoji mvua ikatike. Kuna vibarua vya kujenga upya, maana kila mtu anatafuta mtu wa kukandika ukuta. Mimi siwezi kukuambia ufyatue matofali kwa shamba lako mwenyewe, unauza udongo wa juu ambao ndio ungekulisha, na mchanga wa mto ukichimbwa ovyo unalika ukingo na mwaka ujao mto unahamia kwako. Makaa ni hadithi hiyo hiyo, miti ikiisha kilimani tope linashuka.

Na wewe uliye Nairobi kazi yako kwa hatua hii ni soko. Mathe hajui bei ya Marikiti leo, wewe unaweza kupita asubuhi ukaiuliza. Sisi ndengu ya kwanza tuliiuza kwa majirani wa plot yangu, gorogoro kwa gorogoro, hakuna dalali katikati. Ilikuwa kidogo lakini ilirudi yote nyumbani.

Hatua ya 5: Mifugo, na vile vifaranga vyangu

Haya sasa nieleze. Vifaranga 50 walifika kwa banda ambalo sakafu ilikuwa bado inatoa maji, hakuna joto, hakuna chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kumaliza kuku, na chakula kilikuwa ni kile cha kubahatisha. Kideri kikipita kijiji kilichotoka kwa mafuriko hakiachi mtu. Kama ningemuuliza mathe angeniambia ngoja, na aliniambia baadaye, kwa upole wa kuumiza.

Ukitaka kurudisha kuku fanya hivi: banda kwanza, likae juu ya nguzo, angalau kimo cha goti, sakafu ya mbao ama fito, likauke kabisa. Kisha nunua kuku 3 ama 4 wakubwa wa kienyeji kutoka kijiji cha jirani, na jogoo mmoja, wale wameshazoea maisha. Chanjo ya kideri kila miezi mitatu, ni tone la jicho, mtu mmoja wa kikundi anaweza kufunzwa akachanjia kijiji kizima kwa siku moja, na ndivyo inakuwa rahisi sababu chupa moja ya dawa inatosha kuku wengi sana kuliko wako. Kuku anaatamia siku 21. Usihesabu zaidi ya nusu ya vifaranga, mwewe naye ana familia.

Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo baada ya mafuriko, minyoo na kuoza kwato ndio huanza, wapewe dawa na wasimamishwe mahali pakavu usiku. Halafu kuna homa ya Bonde la Ufa, hii hufuata mvua kubwa kwa sababu ya mbu, mlipuko mkubwa ulikuwa 1997 na 1998 halafu tena 2006 na 2007. Ukisikia mbuzi na kondoo wengi wanatupa mimba kwa wakati mmoja, ama wadogo wanakufa ghafla, usichinje, usiguse damu, maziwa yachemshwe, na mwite daktari wa mifugo wa kaunti. Najua mtu anaona nyama inapotea. Watu wamekufa kwa hiyo nyama.

Hatua ya 6: Kama kwenu ni ukame, geuza hesabu

Mafuriko yanakuja usiku mmoja, ukame unakuja ukiuona, ndio maana makosa yake ni ya kuchelewa. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo kaskazini na mashariki, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa, mingi yake baada ya kungojewa sana. Kwa hivyo mtu wa Kitui, Garissa ama Marsabit, hapo kuuza ndio dawa, lakini uza mapema wakati bado ana nyama: madume, wazee, wale hawazai. Baki na majike wachache wazuri na uelekeze majani yote kwao. Mamlaka ya kitaifa ya ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi kwa zile kaunti 23 kavu, ikisema hali iko kawaida, iko tahadhari ama imefika hatari. Ikigonga tahadhari usingoje, piga simu nyumbani.

Mvua ikirudi usikimbilie kununua ng'ombe. Nyasi ipate msimu mmoja ishike kwanza. Anza na mbuzi, na kwa wenye nafasi ngamia, kuna wamama Isiolo wanapakia maziwa ya ngamia kwa basi kila siku yanaishia Eastleigh, na ngamia anatoa maziwa wakati ng'ombe wa jirani ameshalala chini. Kwa shamba, panda mtama, ndengu na kunde, na uchimbe fanya juu, mtaro wa futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, udongo unatupwa upande wa juu, ukingo unapandwa nyasi. Wakamba wamechimba hizo Machakos miaka mingi kabla sisi tuzaliwe na milima yao unaiona tofauti.

Mtu wa milimani, kama kule West Pokot ambako ardhi iliporomoka Novemba 2019, kuna sehemu zingine haziregeshewi nyumba. Ukiona nyufa mpya kwa kilima, miti imeinama, chemchemi imetokea pahali haikuwa, lima hapo mchana kama lazima lakini kulala mlale kwingine.

Hatua ya 7: Kabla hamjamtuma kijana Nairobi

Kila baada ya janga lazima mtu aseme, huyu kijana aende Nairobi atafute mjengo. Wakati mwingine ni sawa kabisa, pesa ya mjengo imejenga nyumba nyingi ushago. Lakini fanyeni hesabu ya vitu viwili. Cha kwanza, nani anabaki na jembe? Akiondoka wiki ya kupanda mmepoteza msimu mzima mkitafuta mshahara wa wiki tatu. Cha pili, atakaa wapi. Chumba cha bei ya chini sana hapa mara nyingi kiko kando ya mto, na mwaka wa 2024 waliokaa kando ya mto Nairobi wote mliona kwa simu. Huyo kijana umemtoa kwa mafuriko ukampeleka kwa mafuriko mengine yenye rent. Sisi binamu yangu alikuja baada ya kupanda, akakaa kwangu sakafuni miezi miwili, akarudi kuvuna. Nyumba yangu ni bedsita, sitasema ilikuwa raha.

Hatua ya 8: Serikali na vikundi

Mbolea ya ruzuku inapatikana ukiwa umejisajili kama mkulima, usajili unafanywa huko nyumbani, si lazima wewe usafiri. Kaunti kama Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera zina mpango wa pesa taslimu wa kitaifa kwa nyumba maskini, uliza chifu kama nyumba yenu iko kwa orodha. Bima ya mifugo inayolipa kulingana na majani yanavyoonekana kwa setilaiti ilianza Marsabit mwaka wa 2010, ni nzuri, lakini inalipa kulingana na eneo, si kwa ng'ombe wako alikufa, elewa hivyo kabla ya kulipa. Zaidi ya hapo, kikundi cha watu 15 mpaka 25 cha kuweka akiba kila wiki kitakusaidia haraka kuliko ofisi yoyote.

Hatua ya 9: Mwezi wa pili kila mwaka

Mvua ndefu huanza Machi, so mimi nimeweka kengele kwa simu, katikati ya Februari napiga. Namuuliza mathe kama amesikia utabiri wa msimu, ule wa kaunti yetu, si ule wa nchi nzima. Mbegu ya akiba, kilo chache za ndengu na kunde, inakaa kwa dada yake anayeishi juu huko Muhoroni, haikai kwetu. Makaratasi yako kwa mfuko wa plastiki ndani ya mtungi wenye kifuniko, na picha zake ziko kwa simu yangu. Ghala limeinuliwa. Kipande cha shamba cha juu tumekodi kwa jirani msimu kwa msimu, kidogo tu, robo ekari, ili maji yakichukua chini kuna kitu juu.

Juzi nikamuuliza kama nimtumie kuku wengine kutoka mjini. Akanyamaza kidogo, akaniambia nimtumie pesa ya chanjo tu, kuku anao 19.